Inakataa Kulia

Wabwire aliileta Jumanne, akaiegesha mbali na mlango wa hanga
kama mtu anayerudisha baiskeli ya kuazima.
"Inavuta kushoto," akasema. "Kidogo tu.
Na ukiiambia kulia, inakataa kulia."
Nikamuuliza alitua vipi mara ya mwisho.
"Salama," akasema, akilitazama ziwa.

Neno salama nimelisikia sana hapa Kisumu.
Huwa naliweka kando, karibu na spana namba kumi,
halafu naenda kuliuliza bati.

Bati halina aibu. Nyuma ya gurudumu la mbele,
pale ukuta wa injini unapokutana na sakafu,
palikuwa na kunyanzi moja, fupi,
kama la utandu wa maziwa ukiupuliza.
Ribiti nne zilikuwa zimevuja wanja,
upepo umeuburuza kuelekea mkiani.
Nikapitisha kidole gumba. Ukucha ukakwama.

Baba yangu alinyoosha ringi za baiskeli Kondele,
enzi za boda za pedali. Hakumuuliza mtu ameanguka wapi.
Aliinua gurudumu, akalizungusha, akanyamaza,
na mwenye baiskeli, akiliona linavyoyumba
kama mlevi anayetafuta mlango wake,
alianza mwenyewe: ilikuwa mtaro, mzee, ilikuwa usiku.

Basi nikamwambia Wabwire apande, akae kiti chake.
Nikaenda mkiani, nikalala chali juu ya gunia.
Sami wa juzi walikuwa wamegandia kwenye rangi nyeupe.
"Kushoto."
Usukani wa mkia ukaja, laini, mtiifu.
"Kulia."
Kimya.
"Kulia, Wabwire."
"Nimekanyaga."
"Kanyaga."
"Nimekanyaga hadi mwisho, Fundi Awino."
Na kile kipande cha bati kikasogea upana wa vidole viwili,
kikasimama,
kama mtoto aliyetumwa dukani gizani.

Sakafu tuliifungua pamoja. Skrubu thelathini na moja;
moja ilikuwa ya mbao, sijui ya nani.
Bati lililopinda lilikuwa limeubana mhimili wa pedali,
na kebo ya kulia ililamba ukingo wake kila ilipovutwa.
Nyuzi sita zilikuwa zimekatika, zimesimama
kama manyoya ya paka aliyeona mbwa.
Sikusema kitu. Niliishikilia tochi pale pale.

Akaanza na ndama. Daima kuna ndama.
Uwanja wa murram upande wa Mumias, mvua imetoka kunyesha.
Baadaye akasahihisha: hapakuwa na ndama,
palikuwa na haraka.
Ilidunda mara moja, akaisukuma pua chini.
Ikadunda ya pili, akasukuma tena.
Ya tatu ilipiga kwa pua,
na nesi aliyepakata kasha la chanjo akaita Yesu, kisha akacheka;
na kwa kuwa alicheka, Wabwire akaamua si kitu.

Safari kumi na moja tangu siku hiyo.
Kumi na moja, kebo ikipoteza uzi baada ya uzi
juu ya Nyando, juu ya miwa, juu ya paa la mama yangu.
Nilikuwa na maneno, nimeyapanga vizuri, makali.
Nikamtazama viatu. Alikuwa amevipiga rangi
kwa ajili ya kuja kunidanganya.

Daftari la ndege tuliliweka juu ya boneti ya pikapu.
Aliandika tarehe, akaikata, akaandika tarehe ya kweli.
Kutua kwa kishindo, akaandika. Mara tatu.
Kalamu ikagoma kwenye tatu, nikampa yangu.
Akajifuta macho kwa mkono wa shati.
Petroli, akasema.
Nikakubali ni petroli.

Ndege ya saa kumi ikashuka kutoka upande wa ziwa,
nasi tukanyamaza wote wawili, tukihesabu.
Moja.
Tukangoja kidogo zaidi.